Msema Kweli Aliyeomba Maji

Juzi mwalimu wa binti yangu alituita wazazi shuleni, akasimama mbele yetu na kitabu cha hadithi mkononi, amekishika kwa vidole viwili kama soksi ya mtu mwingine. Akasema kuna vitabu vinaharibu watoto. Vimejaa wezi, waongo na wanawake wasiotulia, na la kushangaza zaidi, alisema, watoto wanawapenda hao kuliko watu wema. Akauliza, "Kwa nini msomaji ampende mtu mbaya?" Nikanyoosha mkono. Akaniambia maswali ni mwishoni. Mwisho ulipofika tukaambiwa muda umekwisha, karibuni soda.

Sikunywa soda yao. Mtu akiuliza swali mbele ya watu awe tayari kujibiwa, na mimi jibu ninalo. Jibu lenyewe ni mwanamke niliyefanya naye kazi, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, na ambaye sote tulimwita Msema Kweli.

Tulikuwa kwenye kiwanda cha mashati ya shule. Chini kulikuwa na cherehani, ghorofa ya kati kulikuwa na pasi, na juu kabisa, chini ya bati, kilikuwapo chumba cha vifungo. Mashati yalipanda kwetu ndani ya matenga yakiwa hayana vifungo, yakashuka yakiwa navyo. Ilikuwa kazi ya mikono: sindano, uzi, mkasi mdogo, na mgongo wa kuvumilia kuinama. Kelele za cherehani zilibaki huko chini. Juu kulikuwa kimya, na ukimya ule ndio uliozaa mazoea yetu.

Mama mdogo wangu, aliyeniingiza pale kazini, alikuwa na sauti ya kusikilizwa. Tulimwita Redio. Yeye alitusomea kitabu, sisi tukashona. Mashati yake tuligawana, kila mmoja akiongeza mawili matatu kwenye fungu lake, na jioni fungu la Redio lilikuwa sawa na la mwingine yeyote. Tuliita hivyo kumbeba msomaji. Msimamizi wa zamani alijua yote hayo, akajifanya hamnazo, maana mashati yalitoka.

Msema Kweli alikaa dirishani. Alikuwa mjane, mtu mzima tayari, na miwani yake ilikuwa imefungwa mkono mmoja kwa uzi wa kazini. Hakuna aliyemshinda kwa vifungo. Tajiri mwenye kiwanda alitaka mashati yake mwenyewe yapitie kwake tu. Jina la Msema Kweli alikuwa amelitolea jasho. Ukimwuliza kama gauni limekukaa vizuri, jiandae. Mama Pacha, mchekeshaji wetu, alimwuliza siku moja kama amenenepa kidogo. Msema Kweli akamtazama juu ya miwani. "Umenenepa," akasema, "tena si leo."

Tulicheka, lakini ukweli huo ulikuwa umeshamnyang'anya nyumba. Mumewe alipofariki, ndugu za mume walikuja wakaketi sebuleni kwake, kwenye viti alivyonunua yeye, wakamwuliza: "Shemeji, kuna siku marehemu alitamka mbele ya watu kwamba nyumba hii ni yako?" Marehemu alikuwa ametamka, mara nyingi, wakiwa wawili tu. Angesema ndiyo, yangeishia hapo; hata jirani alikuwa tayari kumuunga mkono. Akawajibu, "Mbele ya watu, hapana. Mbele yangu." Wakatikisa vichwa, wakamshukuru kwa ukweli wake, na haukupita muda akawa amepanga chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Mimi nikisimulia habari hii hadi leo damu inanichemka. Yeye hakuwahi kulalamika. Alisema tu, "Waliniuliza, nikajibu."

Sasa kitabu. Redio alikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba, kimeshang'oka jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo hatukujua kinaitwaje wala nani alikiandika. Tulichojua ni kwamba ndani yake yumo Bi Mapete.

Bi Mapete alikuwa tapeli. Alivaa pete za wanaume waliomposa, kila kidole na pete yake, na hakuolewa na hata mmoja. Aliwauzia matajiri watatu shamba moja, na shamba lenyewe halikuwa lake. Fedha hizo alizitumia kuwaficha watu waliokuwa wakisakwa na mtawala wa nchi yao, na si kwa huruma peke yake: alifurahia kuona askari wakirudi mikono mitupu. Tena alikuwa amemwacha mwanawe mchanga kwa dada yake, wala hakurudi kumtazama. Mwandishi hakulificha hilo na hakulitetea. Na kila Bi Mapete alipobanwa na swali, awe mbele ya askari au mchumba, alisema maneno yaleyale: "Naomba maji kwanza." Akiletewa alikunywa polepole, mpaka tone la mwisho, na bilauri ikirudi mezani jibu lilikuwa limeshaiva.

Tulimpenda. Nalisema wazi ili mwalimu asipate shida ya kutuchunguza. Anadhani tulimpenda kwa sababu anaiba, lakini hakuna aliyetoka pale akaenda kuuza shamba la mtu. Wema tulikuwa nao, bwana, ulikuwa umetufika shingoni! Tuliamka na wema, tukapika nao, tukashona nao, tukakaripiwa tukasema asante. Hatukuwa na haja ya kusomewa mwanamke mwingine anayeinamisha kichwa. Tulitaka kumwona mtu mmoja, hata awe wa karatasi, anayeulizwa swali na mkubwa na mikono yake isitetemeke.

Msema Kweli peke yake alimpinga. Mashati ya Redio alichukua kama sisi, maana haki ni haki, lakini aliguna kila ukurasa. Tulipofika pale pa mtoto kuachwa akiwa na homa, alitupa shati chini.

"Mwanamke aliyemtupa mwanawe asisomwe tena humu," akasema. "Mimi wangu walikufa wachanga wote wawili. Huyu anaye, anamwacha mlangoni kama ndoo!"

Redio akafunga kitabu. Siku hiyo tulishona kimya hadi jioni.

Kesho yake, tukiwa tumekwisha tunga nyuzi, Msema Kweli akasema akiwa ameelekea dirishani, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha: "Yule mtoto. Homa ilimwachia?"

Mama Pacha alizika uso ndani ya tenga ili asisikike akicheka. Redio akafungua kitabu, akaendelea. Msema Kweli naye akaendelea kuguna.

Wakati huo msimamizi wa zamani alistaafu, akaja mpya. Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Alikuwa mtu wa mpangilio. Hata kalamu mfukoni aliziweka kwa urefu. Na bahati yetu mbaya ni kwamba alikuja wakati Bi Mapete anakamatwa.

Hapo inabidi nieleze jambo la kazi yetu. Kifungo hakishonwi kikagandamana na kitambaa. Unakiachia shingo kidogo ya uzi, ili kiweze kupenya tundu lake na kukaa. Mkono unajua wenyewe kiasi cha kulegeza. Lakini siku Bi Mapete anakamatwa, askari wanavunja mlango, wale aliowaficha wako darini na mmoja wao anataka kupiga chafya, nani angelegeza? Roho zilikuwa juu, vidole vikavuta. Kila shati lililopita mikononi mwetu alasiri ile lilishuka na vifungo vilivyokazwa kama vimepigiliwa misumari. Watoto wa shule moja nzima walishindwa kufunga mashati, wakaenda gwaride vifua wazi, na mashati yakarudishwa kwetu kwa matenga.

Msimamizi hakupiga kelele. Alikagua fungu baada ya fungu akaona kosa ni moja, la mikono yote, la alasiri moja. Mtu wa mpangilio hushtuka akiona kosa lililopangika vizuri hivyo. Akapanda ngazi kwa kunyata, akasimama nje ya mlango wetu, akasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Walimwingiza mahakamani kwa mlango wa nyuma."

Alisikiliza kwa muda, na alipoingia kitabu kilikuwa kimeshadidimia ndani ya tenga. Akaingiza mkono akakitoa.

"Kumbe," akasema. "Mnashonea hadithi. Na hadithi yenyewe ya nani? Ya mwizi." Alikuwa amefunua ukurasa, akaona ya kuona. "Sitawaadhibu wote. Anayesoma anaondoka kiwandani leo. Nani?"

Sindano zote zilisimama. Mimi nilimtazama mama mdogo wangu. Mume wake alikuwa amelala nyumbani upande mmoja umekufa, watoto wake wanasoma, na mimi mwenyewe nilikuwa nalala kwenye sebule yake. Redio akipoteza kazi ile, wote tulikuwa tumekwenda na maji. Alianza kuinuka. Alikuwa mwanamke wa kuinuka, sitamvunjia heshima yake. Lakini Msimamizi hakumtazama yeye, alikuwa amegeukia dirishani.

"Wewe mama," akasema. "Nimeambiwa hujawahi kusema uongo. Niambie nani anasoma, nami nitakuamini."

Tukajua yamekwisha. Ukimwuliza Msema Kweli, anajibu. Waliomtoa nyumbani kwake walilijua hilo, na huyu naye alikuwa ameshaambiwa.

Msema Kweli alichomeka sindano yake kifuani, kwenye kitambaa cha gauni, taratibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Naomba maji kwanza," akasema.

Mama Pacha alichota maji mtungini akamwaga nusu yake njiani. Msema Kweli akanywa. Tulimwona koo likipanda na kushuka, hana haraka, Msimamizi akibadilisha mguu wa kusimamia. Alipomaliza akaiweka bilauri dirishani.

"Kitabu ni changu. Nasoma mimi."

Redio, aliyekuwa kando yake, alifungua mdomo, na Msema Kweli, bila kumtazama, akamkanyaga mguu kwa nguvu hata Redio akaketi.

Msimamizi alikuwa mgeni. Hakujua kwamba mbele yake yuko mtu anayepokea mshahara kwa dole gumba. Lakini hakuwa mjinga. Akatafuta ukurasa uliokunjwa pembe, alama yetu ya tulipoanzia siku hiyo, akampa kitabu. "Kama ni wewe, soma."

Akakipokea. Akakisogeza kwenye mwanga. Akaanza: "Walimwingiza mahakamani kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa umejaa watu waliokuja kumwona akilia."

Neno kwa neno! Alichukua hata mapumziko ya Redio, hata namna yake ya kushusha sauti hakimu anapoingia. Mwanamke aliyeguna kila ukurasa alikuwa amehifadhi kila ukurasa. Akalamba kidole, akafunua, akaendelea mpaka pale hakimu aliposema, "Wataje wenzako wote, nikuachie uende zako." Kisha akanyamaza, kwa sababu hapo ndipo Redio alipokuwa amefika mlango ulipofunguliwa. Mbele ya hapo hakuna kati yetu aliyejua kitu.

"Endelea," akasema Msimamizi.

Msema Kweli alikitazama kitabu. Herufi zile kwake zilikuwa sisimizi tu. Halafu akainua macho akamtazama Msimamizi, na sauti iliyotoka sasa haikuwa ya Redio, ilikuwa yake.

"Bi Mapete akanywa maji. Akamwambia hakimu: Mheshimiwa, kuna watu wawili wanaouliza maswali. Kuna anayeuliza ili ajue, na kuna anayeuliza ili apate pa kunishikia. Anayeuliza ili ajue namjibu yote, hata yanayoniaibisha. Anayeuliza ili anishike, namnyima hata jina la mama yangu. Sasa niambie, mheshimiwa, wewe ni yupi? Maana mimi nimeshawahi kukosea nikamjibu mtu wa pili, na sirudii."

Akafunga kitabu.

Msimamizi alikuwa ameiva uso. "Hayo yameandikwa humo?" akauliza.

"Yameandikwa."

Hakumfukuza. Huenda aliogopa kumweleza Tajiri nani atashona vifungo vyake, huenda maneno yalimwingia. Sijui, na sipendi kumpamba. Alichukua kitabu, akapiga marufuku usomaji chumbani kwetu, na Msema Kweli akashushwa ghorofa ya pasi, kwenye mvuke na joto, na umri wake ule. Vifungo vya Tajiri vilipelekwa hukohuko.

Jioni ile Redio alimfuata mpaka barabarani, akilia na kugomba kwa pamoja. "Nani alikutuma, dada? Nani alikwambia ujitie katikati?"

"Usijipe ukubwa," Msema Kweli akamjibu. "Sikufanya kwa ajili yako peke yako." Akaenda zake.

Kama Msimamizi alidhani amelimaliza, alikosea hesabu. Kesho yake wakati wa chakula Msema Kweli aliketi kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pasi na yetu, kikombe cha chai mkononi. Akasema, bila kumwita mtu: "Hakimu akakaa kimya, maana hakujua yeye ni yupi." Tukashuka. Watu wa pasi wakatoka. Siku chache baadaye watu wa cherehani nao wakawa wanapanda na mabakuli yao, na ngazi nzima ikawa haina pa kuweka mguu. Alichonyang'anywa kilikuwa kitabu tu. Usomaji ulipigwa marufuku katika chumba kimoja, ukaenea jengo zima. Na vifungo, kwa taarifa ya Msimamizi, vikarudi kuwa na shingo, maana roho zilipanda wakati wa chakula zikashuka kabla ya kazi.

Msema Kweli alimfikisha Bi Mapete mbali. Alimtorosha gerezani, akamtapeli mkuu wa gereza mwenyewe, akamvalisha pete mpya. Lakini Mama Pacha alipomsihi amrudishie mtoto wake, alikataa katakata. "Alimwacha," akasema. "Hapo siwezi kudanganya." Mwalimu angekuwepo ningemwonyesha mtu yule kwa kidole. Alimpenda mwizi wake na kosa lake hakulisahau hata siku moja.

Msimamizi tulimwona mara nyingi ngazi ya juu, akikagua reli ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Halafu siku moja akashuka katikati yetu na kitabu kisicho na jalada mkononi, tukamfungulia njia.

"Nimekisoma mpaka mwisho," akamwambia Msema Kweli. "Maneno yako hayamo. Humu Bi Mapete analia, anawataja wenzake wote, hakimu anamsamehe. Anaishia kuwa mpishi wa hakimu."

Ngazi nzima ilizomea. Mtu wa cherehani aliapa kwamba kurasa zimebadilishwa.

Msema Kweli alingoja watulie. "Basi aliyekiandika alimwogopa hakimu," akasema. "Mimi simwogopi."

"Na nimeambiwa hujui kusoma."

"Sijui."

Msimamizi alikigeuzageuza kitabu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, siyo ile ya kazini. "Sasa maneno yale uliyatoa wapi, mama?"

Mama Pacha alikuwa ameshainuka na kikombe kwenda kuchota maji. Msema Kweli akamzuia kwa mkono.

"Keti," akasema. "Huyu leo anauliza ili ajue."

Akamgeukia. "Shemeji zangu waliniuliza swali, sebuleni kwangu, mume wangu hajapoa kaburini. Nikawajibu palepale. Wakachukua nyumba. Yale maneno ndiyo niliyopaswa kuwaambia, nami nimeyatafuta tangu siku hiyo, kila kifungo ninachoshona. Nimesomewa watu wema wengi mle chumbani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na la kunipa. Wote walijibu kama nilivyojibu mimi."

Msimamizi alimkabidhi kitabu kwa mikono miwili. Msema Kweli akakipokea, akakiweka kwenye ngazi, akakikalia, maana saruji ilikuwa baridi. Kisha akatuuliza tulikuwa tumeishia wapi.